Kuwanyima Mwani Mwanga: Historia ya Uchanganyaji wa Maji katika Ziwa Nieuwe Meer na Maswali Yake kwa Ghuba za Ziwa Victoria

Msomaji wa Kiswahili anapokutana na maneno “mzunguko wa maji” hukumbuka kwanza somo la jiografia: maji hupaa yakiwa mvuke, huwa mawingu, hunyesha, na hurudi baharini. Makala hii haihusu mzunguko huo. Inahusu mwendo wa maji ndani ya ziwa lenyewe, na hata hapo pana mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni maji ya juu kushuka na maji ya chini kupanda, mwendo ambao hapa utaitwa uchanganyaji wa wima. La pili ni maji kuhama kutoka sehemu moja ya ziwa kwenda nyingine, yaani mtiririko wa mlalo. Anayesema kwamba mwani wenye sumu utatoweka “maji yakizunguka” hana budi kueleza ni mwendo upi kati ya hiyo miwili anaoukusudia, kwa kuwa kila mmoja una historia yake, gharama zake na mipaka yake.

Historia ya kupambana na milipuko ya mwani katika karne ya 20 imeandikwa zaidi kama historia ya rutuba. Mfano unaotajwa na wengi ni Ziwa Washington, Seattle, ambalo majitaka yake yaliondolewa hatua kwa hatua kati ya 1963 na 1968, W. T. Edmondson alifuatilia jinsi maji yalivyorudi kuwa maangavu. Kazi ya David Schindler nchini Kanada, iliyochapishwa mwaka 1974, ilionyesha picha ya ziwa moja lililogawanywa kwa pazia: upande uliotiwa fosforasi uligeuka kijani na upande wa pili haukugeuka. Baada ya picha ile, lilikuwa jambo la kawaida kuamini kwamba dawa ya mwani ni moja tu, kupunguza chakula chake. Imani hiyo ina msingi imara. Hata hivyo imefunika historia nyingine, fupi na isiyojulikana sana, ya wahandisi na wanabiolojia walioacha chakula kilivyo wakashughulikia mwanga. Historia hiyo inahitaji kusomwa kwa makini katika Afrika Mashariki, kwa sababu matokeo yake mazuri yalitegemea sharti moja ambalo husahaulika mbinu inapohamishwa: kina.

Kiumbe kinachoelea

Viumbe vinavyosumbua zaidi katika maji baridi huitwa mwani kwa mazoea, lakini ni bakteria wanaotumia mwanga kama mimea, yaani sianobakteria. Sumu yao imejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1878 George Francis aliandika katika jarida la Nature kuhusu mifugo iliyokufa baada ya kunywa maji yenye utando wa kijani katika Ziwa Alexandrina, Australia Kusini. Jambo ambalo halikueleweka wakati ule ni kwa nini utando huo ulikuwa juu. Mimea mingi midogo ya majini ni mizito kuliko maji na huzama pole pole. Hawa walielea.

Jibu lilipatikana kwa jaribio rahisi mno. Mwaka 1895 Heinrich Klebahn wa Ujerumani alijaza chupa maji yenye mlipuko, akaiziba kwa kizibo, kisha akakipiga kizibo kwa nyundo. Mgandamizo wa pigo lile ulivunja vifuko vya gesi vilivyomo ndani ya chembe, na umati uliokuwa ukielea ukazama. Miongo mingi baadaye A. E. Walsby na wenzake walivipima vifuko hivyo na kueleza vinavyofanya kazi. Chembe ya Microcystis inapopata mwanga mwingi hujikusanyia wanga, ambao ni mzito, ikashuka. Ikikaa gizani huutumia wanga huo, ikawa nyepesi na kupanda tena. Makundi makubwa ya chembe hizo yaweza kupanda kwa zaidi ya mita moja kwa saa. Ziwa likitulia, Microcystis hupanda hadi penye jua na kuweka kivuli juu ya washindani wake wote. Diatomu, zenye magamba ya silika, huzama katika utulivu huohuo na kupotelea kwenye mashapo.

Utulivu, basi, ndio silaha ya sianobakteria hawa. Kutokana na hoja hiyo mtu angeweza kukisia dawa: kuvuruga utulivu. Lakini wa kwanza kuvuruga maji kwa kiwango kikubwa walikuwa na shabaha nyingine.

Mabwawa ya London

Bodi ya maji ya London ilihifadhi maji ya mto Thames katika mabwawa makubwa yaliyozungushiwa kuta za udongo. Wakati wa kiangazi maji hayo yalijitenga matabaka: tabaka la juu lenye joto na mwanga, na tabaka la chini lenye baridi, ambalo liliishiwa oksijeni na kuyeyusha chuma na manganizi kutoka kwenye mashapo. Maji ya chini yalikuwa mabaya kuyasafisha. Bwawa la Queen Elizabeth II, lililofunguliwa mwaka 1962 karibu na Walton, lilijengwa likiwa na midomo ya kuingizia maji iliyoinamishwa kwa pembe, ili maji yaliyosukumwa na pampu kutoka mtoni yaingie kwa nguvu na kulikoroga bwawa zima. Nishati ilikuwa tayari inalipiwa, kwa kuwa maji yangepandishwa bwawani kwa vyovyote vile. Mhandisi aliibadilisha tu njia yake ya kuingilia. Ridley, Cooley na Steel (1966) walieleza jinsi njia hiyo ilivyozuia matabaka.

Matokeo ya pili ndiyo yanayohusu makala hii. Ilionekana kwamba bwawa lililokorogwa halikuzalisha mwani kwa kiasi ambacho rutuba yake ingeruhusu. Maji ya Thames yalikuwa na fosforasi na nitrojeni tele, kwa hiyo upungufu wa chakula haukuwa sababu. Steel aliendeleza maelezo yaliyokuwa yamewekwa msingi na Harald Sverdrup, mwanabahari wa Norway, katika andiko lake la 1953. Sverdrup aliuliza kwa nini mimea midogo ya bahari ya kaskazini haichanui wakati wa baridi ilhali chakula kipo. Alijibu kwamba dhoruba huichukua mimea hiyo chini mno, ikakaa gizani muda mrefu kuliko inavyoweza kustahimili. Kipo kina fulani ambacho maji yakichanganyika zaidi ya hapo, hasara ya gizani huzidi faida ya juani.

Kanuni hiyo yaweza kuonyeshwa kwa hesabu ndogo ya mfano. Ikichukuliwa kwamba mwanga wa kutosha unafika mita 3 tu, na kwamba ziwa lenye kina cha mita 18 linachanganywa lote, chembe moja itakuwa ndani ya mwanga kwa sehemu moja ya sita ya muda wake. Kati ya saa 12 za mchana itapata takribani saa 2. Katika maji yenye kina cha mita 6 na uangavu uleule, chembe hiyohiyo itapata saa 6. Mashine ni ile ile na rutuba ni ile ile, lakini njaa ya mwanga imetofautiana mara tatu. Mengi ya yanayofuata katika historia hii yamo ndani ya hesabu hiyo.

Nieuwe Meer

Nieuwe Meer ni ziwa dogo la kusini-magharibi mwa Amsterdam, kando ya msitu wa burudani wa Amsterdamse Bos. Eneo lake ni takribani kilomita za mraba 1.3. Uholanzi ina maziwa mengi, na mengi kati yake ni mafupi kiasi kwamba mtu mrefu angeweza kuyavuka kwa miguu; hili ni tofauti. Uchimbaji wa mchanga wa ujenzi ulilifanya kuwa shimo lenye kina cha mita 30 hivi mahali palipo chini zaidi, na wastani wa mita 18. Rutuba yake ilikuwa imepindukia. Kila kiangazi Microcystis ilitanda juu ya maji ambamo watu wa jiji walitaka kuogelea na kupanda mashua, na upepo uliukusanya utando huo kwenye kingo, ukioza na kunuka. Kwa kuwa ziwa limeunganishwa na mifereji, kukata rutuba kulikuwa kazi ya muda mrefu isiyoweza kukamilishwa ndani ya mipaka yake pekee.

Mwaka 1993 mabomba yenye matundu yalilazwa karibu na sakafu ya ziwa, na kompresa zikasukuma hewa ndani yake. Viputo vilipopanda vilibeba maji ya chini hadi juu. Maji hayo yalisambaa, na mengine yakashuka kuchukua nafasi yake. Petra Visser, Bas Ibelings, Luuc Mur na wenzao walilinganisha kiangazi hicho na viangazi vya 1990 na 1991, kabla ya mabomba. Katika ripoti yao ya 1996 walieleza kwamba idadi ya makundi ya Microcystis kwa lita ilikuwa, kwa wastani, ndogo mara 20 kuliko hapo awali. Nafasi yao ilichukuliwa na jamii mchanganyiko ya diatomu, mwani wa kijani na viumbe wenye mijeledi.

Ni muhimu kuona kilichotokea na kisichotokea. Ziwa halikuwa safi kwa maana ya kukosa mimea. Rutuba ilibaki. Kilichobadilika ni mshindi. Hewa ilivuta maji kwa kasi iliyozidi kasi ya Microcystis kuelea, hivyo uwezo wake wa kuchagua mahali pa kukaa ukawa bure. Na kina cha ziwa kikampa kila mshindani giza kwa kiwango sawa. Diatomu, ambazo awali zilizama na kufa, sasa zilishikiliwa juu na mkorogo uleule. Jef Huisman na wenzake waliigeuza hali hiyo kuwa nadharia. Mwaka 1999 walieleza kwamba, pamoja na kina cha Sverdrup, upo ukomo wa msukosuko: maji yakitulia kupita ukomo huo, mlipuko waweza kutokea hata katika ziwa refu. Mwaka 2004 walitumia takwimu za Nieuwe Meer kuonyesha kwamba kiwango cha uchanganyaji huamua nani atashinda katika kugombania mwanga. Ni nadra jaribio la usimamizi wa ziwa la jiji likawa pia ushahidi wa nadharia ya msingi.

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama ambazo ripoti za kupongeza huzipita haraka. Kompresa hutumia umeme kila msimu, bila mwisho unaoonekana. Ikizimwa wakati wa joto, matabaka hurudi na Microcystis hurudi nayo. Amsterdam inasaidiwa na majira yake, kwani baridi hulichanganya ziwa bure na mashine huhitajika kwa miezi kadhaa tu. Tathmini ya miaka saba ya ziwa hilo iliyochapishwa mwaka 2001 ilihusu pia namna ya kupunguza matumizi hayo. Nayo mapitio mapana ya Visser na wenzake ya 2016 yaliyokusanya majaribio ya nchi mbalimbali yalitaja sababu zinazorudiwa za kushindwa: ziwa kuwa fupi mno, hewa kuwa kidogo, mabomba kutofika sakafuni, au sehemu kubwa ya ziwa kuachwa bila kukorogwa. Kufeli katika nchi za joto kumeandikwa pia. Katika bwawa la North Pine, Queensland, Antenucci na wenzake (2005) walionyesha kwamba kuvunja matabaka hakukuiondoa Cylindrospermopsis, sianobakteria isiyotegemea sana mwanga mkali wala kuelea. Kwa hiyo hata jina la kiumbe lina uzito. Mbinu iliyomshinda mmoja yaweza kumwacha mwingine akiwa amestarehe.

Kusi na Ziwa Victoria

Kuyapeleka mafunzo hayo Ziwa Victoria kunahitaji kwanza kukumbuka kwamba ziwa hilo lilikuwa na mchanganyaji wake kabla ya kompresa yoyote. J. F. Talling, aliyefanya vipimo vyake mwaka 1960 na 1961 akiwa Jinja, alionyesha katika andiko lake la 1966 kwamba maji ya kina hujitenga matabaka kwa sehemu kubwa ya mwaka, kisha huchanganyika hadi chini karibu na Juni na Julai. Kinachochangia ni pepo kavu za kusini-mashariki na kupoa kwa uso wa ziwa. Pepo hizo ni za mfumo uleule ambao mabaharia wa pwani huuita kusi. Wakati wa mchanganyiko huo diatomu zilistawi, jambo ambalo msomaji wa kazi za Nieuwe Meer atalitambua mara moja.

Miongo mitatu baadaye hali ilikuwa nyingine. Hecky (1993), akilinganisha na takwimu za Talling, alieleza ziwa lenye mwani mwingi zaidi, silika iliyoyeyuka iliyopungua sana, na maji ya chini yanayokosa oksijeni kwa muda mrefu zaidi. Sianobakteria walikuwa wamechukua nafasi ya diatomu kubwa za zamani. Verschuren na wenzake (2002), kwa kusoma mashapo, waliyahusisha mabadiliko hayo na ongezeko la watu na kilimo katika bonde la ziwa. Sumu nayo ilithibitishwa: Sekadende, Lyimo na Kurmayer (2005) waliripoti mikrosistini katika Ghuba ya Mwanza, ambako watu huchota maji ya nyumbani kwa ndoo.

Hapa kuna jambo ambalo waandishi wa mapendekezo ya miradi hawalipi uzito unaostahili. Mkorogo wa Nieuwe Meer uliwapa diatomu ushindi, na diatomu hujenga magamba yake kwa silika. Katika ziwa ambalo silika yake imepungua, kuvuruga maji hakutoshi kuwarudisha washindani wa zamani, hata kama Microcystis itadhoofishwa. Kusi bado huvuma kila mwaka. Diatomu za Talling hazijarudi kwa wingi ule. Ushahidi huo una nguvu kuliko jaribio lolote la mashine ambalo lingeweza kufanywa.

Ukubwa nao unazungumza. Ziwa Victoria lina eneo la takribani kilomita za mraba 68,800, yaani zaidi ya mara 50,000 ya Nieuwe Meer. Hakuna mtu makini anayependekeza kulikoroga lote. Mapendekezo huelekezwa kwenye ghuba, hasa Winam upande wa Kenya, ambako milipuko ni mikali na mji wa Kisumu hutegemea maji yake. Lakini Winam ina ukubwa unaozidi kilomita za mraba 1,300, na sehemu yake kubwa ina kina cha mita chache tu. Upepo wa mchana utokao ziwani huikoroga mara kwa mara bila malipo, na Microcystis humo inastawi. Hesabu ya saa 2 na saa 6 iliyotolewa hapo juu inaeleza kwa nini: mahali pafupi, chembe iliyochanganywa hairudishwi gizani kwa muda wa kutosha. Tena Kisumu haina majira ya baridi. Kompresa za Amsterdam hupumzika. Za Winam zingefanya kazi mwaka mzima, na mkorogo wao ungeweza kuinua kutoka kwenye mashapo fosforasi iliyokuwa imetulia.

Mbita na swali la mtiririko

Mjadala wa Winam una sura ya pili, nayo ndiyo inayodai istilahi zilizotenganishwa mwanzoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tuta la barabara lilijengwa kati ya Mbita na kisiwa cha Rusinga, likaziba mlangobahari mwembamba ambamo maji ya ghuba na ya ziwa kuu yalikuwa yakipishana. Malalamiko ya wavuvi na wakazi kuhusu maji yaliyotuama, mwani na magugu maji yalidumu kwa miongo. Hatimaye tuta lilifunguliwa na daraja likajengwa katika muongo wa 2010. Kazi hiyo ilielezwa kuwa ni kurudisha mzunguko wa maji, na kwa maana ya mlalo maelezo hayo ni sahihi. Mahali penyewe pa Mbita, maji yanayopita huondoa utando na kuleta maji mapya.

Kosa huanza pale mfano wa Amsterdam unapotajwa kuunga mkono daraja, au daraja linapotajwa kama mwanzo wa tiba ya ghuba yote. Mtiririko wa mlalo humpunguzia mwani muda wa kukaa mahali pamoja, haumnyimi mwanga. Nguvu yake hutegemea kasi ya maji kubadilishwa ikilinganishwa na kasi ya chembe kuzaliana, na pembe ya ndani ya Winam, karibu na Kisumu, iko mbali na Mbita. Ubadilishanaji mkubwa wa maji kati ya ghuba na ziwa kuu hupitia mkondo wa Rusinga, ambao tuta halikuuziba. Mito kama Nyando na Sondu-Miriu huendelea kuleta udongo na rutuba upande wa pili. Daraja la Mbita lilistahili kujengwa kwa faida yake ya mahali hapo, na kulibebesha kazi ya kusafisha ghuba ni kuwaandaa wakazi kwa kukata tamaa.

Mahali ambapo uchanganyaji wa wima waweza kuwa na nafasi halali katika ukanda huu ni mabwawa ya maji ya kunywa: madogo, yenye kuta zinazojulikana, yenye kina cha kutosha, na ambayo tayari yana pampu. Hali hiyo inafanana na ya London kuliko ya Nieuwe Meer. Hata hapo mhandisi atakutana na mvutano ambao vitabu vya mbinu hii huugusa kidogo. Katika bwawa lililotulia, sianobakteria huwa juu, na mtambo waweza kuteka maji kutoka mdomo wa chini zaidi na kuwakwepa kwa sehemu, akiwa tayari kupambana na uhaba wa oksijeni, chuma na manganizi. Akilikoroga bwawa, oksijeni hufika chini na utando hutoweka, lakini chembe zilizobaki husambaa kwenye kina chote na kuufikia mdomo wa kutekea. Lita moja ya juu inakuwa na sumu kidogo kuliko awali. Lita moja ya chini yaweza kuwa na zaidi. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kinachohitajika kabla ya kununua kompresa ni hesabu ya chembe kwa kila mita ya kina, kuanzia juu hadi kwenye mdomo wa bomba, asubuhi ya siku isiyo na upepo.